Mvua ya Kompyuta Hailoweshi Mtu

Kila mteja anataka jioni. Akishatuma plani kwa WhatsApp na mkishaelewana bei, ujumbe unaofuata huwa ni ule ule: "Niwekee kajioni, alafu mvua kidogo. Iwe na ile vaibu." Nimefanya kazi hii miaka sita kutoka chumba cha ghorofa ya tatu Umoja, na wateja walioniomba saa sita mchana naweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kazi yenyewe tunaiita renda. Mtu ana plani ya nyumba ambayo bado haijajengwa: mistari, vipimo, milango iliyochorwa kama robo ya duara. Naichukua plani hiyo, naisimamisha kwenye kompyuta, naivalisha ukuta, paa na vioo, kisha naitafutia pembe nzuri na kuipiga picha. Nyumba haipo lakini picha ipo. Mwenye ploti anaipeleka kwa mkewe, kwa sacco, kwa ndugu walio majuu, na doo zinaanza kutembea. Hapa Eastlando nimeona msingi ukichimbwa kwa sababu ya picha moja tu.

Jioni inapendwa kwa sababu mchana ni shahidi mkali. Jua la Nairobi likiwa utosini, kila kitu kinaonekana sawasawa: ukuta wa jirani usiopigwa plasta, nyaya za stima, tanki jeusi juu ya paa. Jioni inachagua. Inameza ukuta wa jirani na kukuachia dirisha lako linalowaka. Mvua nayo ina ujanja wake. Inageuza barabara kuwa kioo, na taa moja unaipata mara mbili bila kuilipia.

Mbinu hii haikuanza na sisi. Mwaka 1916 jiji la New York lilipitisha sheria ya kuzuia majengo marefu yasizibe mwanga wa barabarani. Watu waliisoma lakini hawakuona ingezaa majengo ya namna gani. Mwaka 1922 mchoraji Hugh Ferriss, akishirikiana na msanifu Harvey Wiley Corbett, alichora hatua kwa hatua umbo ambalo sheria hiyo ingeruhusu. Mwaka 1929 akatoa kitabu kiitwacho The Metropolis of Tomorrow, kimejaa majengo makubwa yanayochomoza gizani na kwenye ukungu. Alitumia mkaa. Ukitazama michoro yake leo utadhani imetoka kwa programu zetu: giza pembeni, mwanga katikati, watu wadogo kama mchwa. Karibu miaka mia imepita na bado tunauza majengo kwa giza lile lile.

Shida ni kwamba jioni inayouzwa mara nyingi si ya kwetu.

Hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, na likishazama halirembi. Una dakika ishirini hivi za ule mwanga wa buluu, kisha giza. London mwezi wa Juni mwanga huo unaweza kukaa zaidi ya dakika arobaini. Sasa, kwenye renda tunatumia picha za anga zinazoitwa HDRI, zinazobeba mwanga wote wa mahali zilipopigwa. Za bure zipo nyingi mtandaoni, na nyingi nilizonazo zimepigwa Ulaya au Afrika Kusini. Ukiweka anga la Ulaya juu ya nyumba ya Kayole, mtu atakwambia ni safi, lakini atakaa akiiangalia kama mtu anayetafuta jina la mtu alilolisahau. Vivuli vimelala vibaya. Jua limekawia.

Mimi nilianza kupiga anga langu mwenyewe. Napanda juu ya jengo letu na simu na kistendi, napiga picha nyingi kwa mwangaza tofauti, kisha naziunganisha. Keyateka alidhani natafuta mtandao. Anga la Umoja jioni ya Novemba, mawingu yakitoka upande wa Ngong, si buluu tupu. Chini lina utepe wa rangi ya chai ya maziwa, na upande wa Dandora lina moshi wa dampo. Kwenye programu kuna kitufe cha kuongeza ukungu ili taa zitoe miale. Watu wa Ulaya wanakitumia kuleta raha. Sisi tunao ukungu wetu tayari, na ukishajua umetoka kwenye taka zinazochomwa, unakivuta kile kitufe taratibu.

Kisha taa. Ile rangi ya asali kwenye madirisha ya renda ni balbu ya Kelvini 2,700 au 3,000. Ukitembea Tena, Kayole au Umoja Innercore saa moja usiku utaona taa nyeupe za bei rahisi, kama Kelvini 6,500, zenye rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Na hakuna nyumba inayowasha vyumba vyote. Kwetu taa inafuata mtu. Tokeni ni pesa, kwa hiyo anayetoka sebuleni kwenda jikoni anazima nyuma yake. Nje, mwanga unatoka juu kabisa, kwenye mlingoti wa mulika mwizi, na unatupa vivuli virefu hadi vichochoroni. Programu haina mulika mwizi kwenye maktaba yake. Nilijitengenezea: mlingoti mrefu, taa zake juu, na mwanga mkali kidogo kuliko unavyopenda.

Mvua ndiyo ngumu zaidi, na wengi wanaifanya kwa kuchora mistari myeupe juu ya picha. Mvua haionekani sana kwenye hewa. Inaonekana kwenye vitu. Ukuta wa plasta ukilowa unakuwa mweusi zaidi, kwa sababu utando wa maji unanasa mwanga ndani yake, unaurudisha ukutani mara kadhaa, na ukuta unaula. Lami inafanya hivyo hivyo, lakini ukiitazama kwa pembe ya chini inageuka kioo. Kwa programu, kila sakafu ina kipimo cha ukwaru kati ya 0 na 1. Lami kavu naiweka kama 0.9, lami iliyolowa 0.2, dimbwi karibu na 0. Kamera naishusha hadi kimo cha mtoto, kwa sababu maji yanaakisi zaidi unapoyaangalia kutoka chini.

Lakini dimbwi haliwezi kukaa popote. Hapo ndipo kazi inaacha kuwa urembo. Maji yanakaa palipobonyea, na yanaelekea palipo chini. Ili niweke dimbwi la kuaminika lazima nijue mteremko wa ua, gata iko wapi, bomba la kushusha maji linamwaga wapi, mtaro uko upande gani. Picha ya mchana haiulizi maswali hayo. Ya mvua inauliza yote.

Kujifunza, nilitembea mitaa wakati wa mvua na gambuti zangu. Kila esteti ina mvua yake. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ina nyumba za chini zilizoachiana nafasi, nyasi na miti mikubwa katikati. Mvua ikinyesha pale, sehemu kubwa ya maji inazama ardhini na unasikia miti ikidondosha matone hata baada ya mvua kuisha. Buruburu, ya miaka ya 1970 na kuendelea, ilikuja na vikoti vyake na mapaa ya vigae vyekundu. Siku hizi nafasi nyingi kati ya nyumba zimejazwa vyumba na maduka, na maji yamebaki yakitafuta pa kupita kama mgeni aliyekuta kufuli mlangoni. Umoja Innercore, ghorofa inatazama ghorofa, na mvua inashuka kati ya kuta mbili hadi kichochoroni ambako mama wa chapo ameshafunika jiko na mwavuli. Hapo hakuna nyasi za kunywa chochote.

Nikisema haya si kwamba napenda zamani kuliko sasa. Watu ni wengi na wanahitaji keja. Nasema tu kwamba tone ni lile lile, na anayelipokea ndiye amebadilika.

Mwaka juzi Mwalimu akanipigia simu. Alinifunza hesabu darasa la sita, sasa amestaafu, na anaishi Dandora kwenye ploti ambayo wazazi wake walipata mradi ulipoanza. Dandora ilianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti kama 6,000. Mtu hakupewa nyumba kamili. Alipewa kipande cha ardhi, maji, bomba la maji taka, choo na bafu, kisha akajenga vyumba mwenyewe kadiri pesa ilivyopatikana, vikizunguka ua. Wengi walikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Kwa Mwalimu ni vyumba vya mawe na mabati, na ua katikati wenye kamba za nguo na mpera mmoja.

Sasa anataka kubomoa na kusimamisha ghorofa: chini, kisha tatu juu. Bedsita za kupangisha, na nyumba yake mwenyewe mbele. Pesa ni kiinua mgongo chake na mchango wa watoto: kijana aliye Doha, binti nesi Minnesota, na kitinda mimba wa Kayole. Picha ilikuwa ya kundi la familia kwa WhatsApp, ili wote waamue.

"Nifanyie jioni, mvua inanyesha," akasema.

"Kwa nini mvua, Mwalimu?" Huwa siulizi wateja, lakini huyu si mteja tu.

"Mama yao alipenda mvua. Akiisikia inaanza, alikuwa anatoa mabeseni yote nje, kisha anakaa kwa mlango wa jikoni na chai. Hakuna mtu aliruhusiwa kumsemesha. Watoto wakiiona nyumba kwa mvua watajua ni nyumbani."

Nilikaa na plani wiki moja. Ilikuwa imechorwa na jamaa wa plani ambaye Mwalimu alielekezwa kwake, na mbele ilikuwa nzuri: madirisha makubwa, kabro mlangoni, na paa la kujificha, ile fasheni ya sasa ambapo ukuta unapandishwa juu ya paa ili mabati yasionekane na jengo lionekane kama boksi. Ua haukuwepo. Kila futi ilikuwa imekuwa chumba, na katikati kumeachwa tundu dogo la hewa.

Nilipofika kwenye madimbwi nikafungua mchoro wa paa kutafuta maji yanaenda wapi. Mteremko wote ulielekea nyuma. Kulikuwa na tundu moja kwenye ukuta wa juu, na chini ya tundu hakuna kitu. Hakuna bomba, hakuna gata, hakuna tanki. Nyuma ya ukuta huo ni kwa Shosho.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 100, mvua ya milimita 30 kwa jioni moja, ambayo kwa masika si ajabu, ni lita 3,000. Hiyo ni mitungi 150 ya lita ishirini, kutoka ghorofa ya juu kupitia tundu moja, hadi kwenye ua wa bibi wa miaka zaidi ya sabini ambaye ardhi yake iko chini kuliko ya Mwalimu. Sasa hivi maji ya vyumba vya Mwalimu yanaanguka ndani ya ua wake mwenyewe, mpera unakunywa kidogo, mabeseni yanachukua, mengine yanatoka mbele.

Nilimpigia jamaa wa plani. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Hiyo fundi atamalizana nayo kwa saiti. Wewe weka mvua."

Na kuiweka ni rahisi kweli. Kamera iko mbele. Kilicho nyuma ya jengo hakionekani, na kwa kompyuta naweza kufanya maji yaishe kabla ya kufika chini. Lita 3,000 zinafutika kwa kubonyeza mara moja. Picha ya mbele ilikuwa imeshakaa vizuri: mwanga wa buluu, mulika mwizi ya mbali, nduthi moja imepita na taa yake imejichora kwa lami. Ningeituma, ningelipwa, na hakuna ambaye angeniuliza kitu.

Lakini nilimjua Shosho. Wakati nasoma alikuwa anatuuzia mabuyu nje ya geti. Ana vyumba viwili anavyopangisha, na ndivyo vinamlipia dawa za presha.

Nilienda Dandora jioni ya mvua za vuli. Nilimkuta Mwalimu amesimama mlangoni na redio ndogo, na tulipozunguka hadi nyuma Shosho alikuwa ameshavaa gambuti, akisukuma maji na ufagio kuelekea kichochoroni. Hata kabla ghorofa ijengwe, ua wake ulikuwa unafika maji kifundoni.

"Shosho, pole na kazi," nikasema.

"Ah, mami, hii ni kawaida. Mungu akitoa anatoa." Kisha akamwangalia Mwalimu. "Nimesikia unajenga. Sasa mimi nitaonaje jua?"

Mwalimu hakujibu. Nami nilikuwa nimekuja kwa maji, na mwenyewe akauliza jua. Nikapiga picha za ua wake, ukuta, mlango, kiwango cha maji, kwa ruhusa yake, nikarudi Umoja.

Nilifanya picha mbili. Ya kwanza ile aliyoagiza. Ya pili niliweka kamera kwenye mlango wa Shosho, kimo cha mtu aliyekaa kwenye kigoda, ikitazama juu. Saa ile ile, anga lile lile, mvua ile ile. Ukuta wa ghorofa nne umejaza picha karibu yote, umelowa, mweusi. Juu kabisa kuna tundu, na kutoka kwenye tundu maji yanashuka kama kamba nene. Sikuongeza chochote. Niliiachia programu ihesabu mwanga, na mwanga pekee uliobaki kwenye ua ulikuwa balbu moja ya Shosho.

Mwalimu aliziangalia kwa simu yangu tukiwa kwenye kibanda cha chai. Ya kwanza alitabasamu. Ya pili alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii nani alikuagiza?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Na nilipie ngapi?"

"Hiyo ni bure. Ni hesabu ya darasa la sita."

Akaomba kalamu. Akaandika nyuma ya risiti: 100 mara 30, gawanya kwa 20. Alikaa na ile 150 muda mrefu. "Mitungi mia na hamsini," akasema. "Na huyu mama tulichimba msingi mwaka mmoja. Baba yangu na mumewe walikuwa wanaazimana toroli."

Zote mbili zikaenda kwa kundi la familia. Hapo sasa ndipo moto uliwaka, na nilikuwa naletewa habari kwa vipande. Kijana wa Doha alisema paa la kujificha ndilo linavutia wapangaji, na kwamba kila mtu Dandora anajenga hadi mpaka, kwa nini wao ndio wawe watakatifu. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Kurudisha ua hata mdogo upande wa nyuma kulimaanisha kupoteza chumba kimoja kila ghorofa, vyumba vinne. Kwa kodi ya 6,000 kila kimoja, hiyo ni shilingi 24,000 kila mwezi, na yeye ndiye anayetoa mchango mkubwa, akifanya kazi kwenye joto ambalo sisi hatulijui.

Binti wa Minnesota alituma sauti ya dakika nne. Mwalimu alinichezea kidogo. Hakuzungumzia Shosho wala kodi. Alisema ameiangalia picha ya mbele usiku mzima baada ya shifti na kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, hadi akakigundua: mvua haina sauti. Slabu juu ya slabu, paa limefichwa huko juu kabisa, baba yake chini hatasikia kitu. "Mum angejuaje ni wakati wa kutoa mabeseni?"

Renda haina sauti, na sijawahi kufikiria kwamba inaihitaji. Lakini alikuwa amesikiliza nyumba, nami nilikuwa naitazama tu.

Walichoamua si ushindi wa mtu mmoja. Ua mwembamba utabaki nyuma, upana wa kutosha kuanika nguo na kupitisha jua la asubuhi kwa Shosho. Paa litakuwa la mabati ya kawaida yaliyotokeza nje, na gata pande zote mbili. Bomba litashuka hadi kwenye tanki la lita 5,000, na tanki likijaa maji yatatoka mbele, kwenye mtaro wa barabara. Jikoni ya Mwalimu itakuwa na kibaraza chenye kipande cha mabati juu yake, ili kuwe na kitu cha kupigia kelele. Kijana wa Doha alipunguza mchango wake nusu. Kwa hiyo wanaanza na ghorofa moja juu, zilizobaki zitasubiri. Mwalimu anaiita "awamu ya kwanza" kwa sauti ya mtu anayejua awamu ya pili huenda asiione.

Na bado kuna mtaro wenyewe. Ule wa barabarani hujaa chupa na makaratasi, na hakuna plani ya mtu binafsi inayoweza kuutibu. Dandora ina mfano wake wa karibu: vijana wa kikoti cha Mustard Seed walisafisha ua wao, wakapanda maua, wakazi wakawa wanachanga kidogo kuutunza, na vikoti vingine vikaiga. Kwenye mtaa wa Mwalimu vijana huzibua mtaro mvua zikikaribia, kwa chai na mia mia. Hiyo nayo ni sehemu ya nyumba, ingawa haiko kwenye mchoro wowote.

Tangu Aprili na Mei 2024 siwezi kufungua kitufe cha mvua bila kufikiria. Mafuriko ya mwaka huo yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Bonde la Mathare lilifagiliwa usiku watu wakiwa wamelala, kisha serikali ikaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakafuata. Wiki zile zile nilikuwa na kazi ya maisoneti za Ruai, mteja anataka "mvua ya kimapenzi". Nilimfanyia, kwa sababu kodi ya nyumba hainisubiri. Lakini nilimwuliza maji yake yanaenda wapi, na ikabidi arudi kwa msanifu wake kuuliza.

Sasa naliuliza kila mtu, kabla ya bei. Wengine wanaona nawachelewesha, wanaenda kwa msee mwingine atakayewapa jioni ya dakika tano. Wengine wananyamaza kwa simu, kisha unasikia karatasi zikifunguliwa. Nawe kama una picha ya nyumba unayolipia, iwe ya ploti, ya sacco au ya yale mabango makubwa ya barabarani, ifanyie hivyo hivyo. Tafuta gata. Fuata bomba kwa kidole hadi chini. Uliza nani anaishi pale kidole chako kinaposimama.

Mwezi uliopita Mwalimu alinipigia tena. Kolamu zimesimama, fundi anauliza maswali, na plani anaisoma nusu nusu.

"Nahitaji picha nyingine," akasema. "Na safari hii niwekee saa sita mchana. Nataka aone kila bomba."

Nilimfanyia. Jua utosini, hakuna ukungu, hakuna taa. Gata zinaonekana, tanki jeusi linaonekana, nyaya za stima zipo, na nyuma unaona paa la Shosho na ufagio wake umeegemea ukuta. Fundi ameibandika ndani ya stoo ya simiti, kando ya orodha ya vibarua.